Demydiv: kijiji kilichozamishwa na jeshi lake lenyewe. Je, ni maji kweli yaliyoiokoa Kyiv?

#1 Mpenda Ramani
Wakuu, salaam.

Wiki ya pili hii nashinda kwenye ramani za kaskazini mwa Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, na kuna kijiji kimoja hakinitoki kichwani. Kinaitwa Demydiv. Kipo kando ya mto Irpin, kwenye barabara inayoshuka kutoka Ivankiv na Dymer kwenda Vyshhorod na Kyiv. Ni kijiji cha bustani za viazi, bata na watu wa mjini wanaokuja kupumzika mwisho wa wiki.

24 Februari 2022 Warusi waliingia kutoka Belarus kupitia eneo la Chernobyl wakateremka na barabara hiyo hiyo. Waukraine wakalipua daraja la Demydiv. Halafu siku hizo hizo za mwanzo wakabomoa tuta la Kozarovychi, pale Irpin unapokutana na ziwa la Kyiv, lile lililotokana na bwawa la mto Dnipro. Maji ya ziwa yakarudi bondeni. Mashamba yakawa ziwa, na nyumba kama 50 za Demydiv zikaingia maji.

Warusi walipoondoka na waandishi wa habari wakafika mwezi wa Aprili, watu wa kijiji walikuwa wanapita bustanini kwa mitumbwi ya mpira, wanavuta maji kwa pampu. Wengi waliohojiwa walisema hawajutii, kwa sababu Kyiv imepona.

Ninachouliza ni hiki: ni kweli maji ndiyo yaliyowazuia Warusi, au ni maelezo yaliyokuja baada ya ushindi? Na kama ni kweli, nani anawafuta machozi wale wa Demydiv?

#2 Chapati Moto
Nimeshavuta kiti. Ticha Mstaafu akiuona uzi huu leo hatulali.

#3 Kamanda Mbuyuni
Mkuu, maji hayapigani. Waliopigana ni watu.

Tazama kijiji cha Moshchun, ng'ambo ya Hostomel. Warusi walivuka Irpin hapo mwanzoni mwa Machi kwa madaraja ya kuelea, maji yakiwepo. Kilichowazuia wasisonge hadi Kyiv ni askari wa brigedi ya 72 na waliojitolea, walilala kwenye mahandaki ya msituni wiki mbili na zaidi wakinyeshewa mizinga mchana na usiku. Nyumba nyingi za Moshchun ziligeuka majivu. Leo mnataka kuupa mto sifa zao? Nimevaa magwanda miaka 19, najua mtu akikaa kwenye handaki la udongo mbichi anakuwaje. Tuwe waangalifu na maneno.

#4 Dogo wa Makambako
Si ndiyo lile bwawa waliosema Warusi wamelipua? Nililiona kwenye habari, mji mzima ulizama, watu wako juu ya mapaa.

#5 Mpenda Ramani
#4 hapana, hilo ni la Kakhovka, kusini kabisa, na ni 6 Juni 2023. Dnipro una mabwawa mengi kama ngazi: la Kyiv ndilo la juu kabisa, la Kakhovka lilikuwa la mwisho kabla ya bahari. Kakhovka lilikuwa mikononi mwa Warusi lilipobomoka, maji yakashuka kwa kishindo na watu wakafa. Kule Demydiv maji yalipanda taratibu, siku baada ya siku.

#6 Fundi Pampu
Niko Uholanzi mwaka wa 14 sasa, kazi yangu ni kutunza pampu za bonde, kwa hiyo hapa acheni niseme kidogo kwa sababu watu wanafikiri Irpin ulifurika kama mto unavyofurika masika. Sivyo.

Bonde la chini la Irpin lilikuwa kinamasi. Wakati wa Wasovieti walilikausha: mto ukanyooshwa, ikachimbwa mifereji, likawa bonde la malisho na mboga. Kisha likajengwa bwawa la Kyiv pale Vyshhorod na ziwa likajazwa kati ya 1964 na 1966. Tatizo likawa hili: uso wa ziwa sasa uko mita kadhaa juu ya mdomo wa Irpin. Mto hauwezi kuingia ziwani wenyewe, maji hayapandi mlima. Ndipo likawekwa tuta la Kozarovychi na kituo cha pampu. Mto ukifika pale unainuliwa kwa mashine na kumwagwa ziwani, mchana na usiku, miaka zaidi ya 50.

Mnaona sasa? Bonde lote lile, na mashamba yake, na bustani za Demydiv, viliishi chini ya usawa wa ziwa kwa sababu ya tuta na umeme. Ukitoboa tuta huhitaji mvua. Ziwa lenye kilomita za mraba zaidi ya 900 linakuja kuchukua nafasi yake. Ni mwendo wa polepole, lakini hakuna wa kulirudisha.

Kamanda #3, nakuheshimu, lakini kifaru chenye tani 40 na kitu kwenye udongo wa kinamasi uliolowa hakiendi popote. Siyo lazima maji yawe ya shingo. Ya magoti yanatosha, kwa sababu shida haiko kwenye maji, iko chini ya maji.

#7 Chapati Moto
Fundi leo umeamka na funguo zote.

#8 Bi Hanuni
Mie nnasoma hapa nnajiuliza jambo jengine. Nyie mnazungumza vifaru na matuta. Hiyo nyumba ikiingia maji Februari, nje barafu, ndani mna mtu mzima hawezi kutembea, au mama na mtoto mchanga, na barabarani wamejaa askari wa adui. Wanakwenda wapi? Hebu nielezeni hilo kwanza.

#9 Mpenda Ramani
Bi Hanuni, hapo ndipo ramani iliponiumiza. Irpin ukiutazama unaelekea kaskazini. Kyiv iko upande wa kulia wa mto. Demydiv iko kushoto. Maana yake maji yaliyotengwa kuilinda Kyiv yaliiacha Demydiv upande wa adui. Daraja limevunjwa, bonde ni ziwa, na Warusi wako kijijini. Walikaa nao karibu mwezi mzima. Mji jirani wa Dymer raia walikamatwa wakafungiwa kwenye jengo la kiwanda, na wengine walisafirishwa hadi Urusi. Hayo yamo kwenye ripoti za Umoja wa Mataifa.

#10 Nilisoma Kyiv
Habari wakuu. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu, nilikuwa nasoma tu kimyakimya.

Nilikaa Kyiv miaka 6, nilisoma ujenzi. Rafiki yangu wa darasani bibi yake anaishi kijiji kimoja cha bonde la Irpin (siyo Demydiv, sitakitaja). Nilikwenda kwake mara nyingi, hasa msimu wa kuvuna viazi, alikuwa anatupa kazi kwelikweli. Kuna kitu hamjakitaja. Kila nyumba ya kijijini ina *pohrib*. Ni chumba cha chini ya ardhi, unashuka kwa ngazi, hakigandi majira ya baridi na hakipati joto kiangazi. Humo mna viazi vya mwaka mzima, karoti ndani ya mchanga, kabichi ya chumvi kwenye pipa, matango na nyanya za chupa, tufaha, jemu. Bibi yule pensheni yake ilikuwa ndogo sana. Chakula chake kilikuwa kule chini.

Kwa hiyo mkisoma kwamba nyumba 50 ziliingia maji, msifikirie sebule peke yake. Maji ya ardhini yanapanda kabla hujayaona bustanini. Kinachokufa kwanza ni pohrib, na Februari bado miezi minne mtu apate viazi vipya. Hata nyumba iliyo juu, ambayo haikuhesabiwa kwenye 50, pohrib yake inaweza kujaa.

Bibi yule alikuwa hatupi hata ganda la mkate. Mkoa wa Kyiv ni kati ya mikoa iliyoumizwa sana na njaa ya 1932 na 1933, ile ya Stalin. Mama yake alimlea kwa hofu hiyo. Nikifikiria pohrib imejaa maji meusi na chupa zinaelea, naiona sura yake.

#11 Bi Hanuni
Ahsante mwanangu. Sasa nimefahamu.

#12 Mto Nzoia
Wadau, mimi ni wa Budalang'i, magharibi mwa Kenya. Tuta la mto Nzoia limetuvunjikia zaidi ya mara moja nikiwa mtoto. Nataka kumuunga mkono huyu wa #10. Watu wa mbali huona maji kwenye runinga, siku ya tatu yameondoka kwenye habari. Sisi tulirudi nyumbani tukakuta ukuta umesimama, tukafurahi, mwezi wa pili ukaanza kumeguka kutoka chini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mahindi yalikuwa yameota ndani ya gunia. Harufu ile haitoki. Mama alikuwa anaosha vyombo vile vile wiki nzima.

Na kwetu hakuna aliyetoboa tuta kwa makusudi. Sijui ningehisi nini kama ningeambiwa ni serikali yangu imelitoboa, hata kama ni kwa sababu nzuri. Nimejaribu kujiweka mahali pao na nimeshindwa kupata jibu.

Juu ya swali la mwenye uzi, mimi naona jibu ni mafuta na tope. Ule msafara wa Warusi wa zaidi ya kilomita 60 ulioonekana kwenye picha za setilaiti ulisimama barabarani. Majira yale ya baridi ardhi haikuganda vizuri, ukitoka nje ya lami unazama. Hawakuwa na mafuta ya kutosha wala chakula, walikuja wakidhani ni kazi ya siku tatu. Hata bila Irpin wangekwama.

#13 Kamanda Mbuyuni
#12 pole sana kwa yaliyowakuta nyumbani. Kwenye msafara umeongea kweli kwa sehemu, lakini msafara haukwami wenyewe. Ukiona gari limesimama, uliza mbele kuna nini. Mbele kulikuwa na madaraja yaliyovunjwa na mizinga inayowasubiri.

Na mmesahau Hostomel. Siku ya kwanza kabisa Warusi walishusha askari kwa helikopta kwenye uwanja wa ndege wa Antonov. Mpango ulikuwa ndege kubwa za mizigo zitue pale na jeshi zima. Waukraine wakaupiga uwanja kwa mizinga, ndege hazikutua. Ndiyo maana Warusi wakalazimika kutegemea barabara. Ukitaka kujua nani aliiokoa Kyiv, anzia 24 Februari Hostomel, usianzie kwenye tuta.

#14 Fundi Pampu
Na wakishategemea barabara, barabara zinapita wapi? Juu ya Irpin. Tunarudi mtoni.

#15 Ticha Mstaafu
Shikamooni mnaostahili, wengine marahaba.

Nimesoma post zote. Mpenda Ramani ameanza na 2022, lakini mto huu ulikwisha kufanya kazi hii. Kuanzia 1929 Wasovieti walijenga mstari wa ulinzi kuizunguka Kyiv magharibi, ngome za zege zaidi ya 200, na sehemu kubwa ya mstari ule inafuata Irpin. Wajerumani walifika mtoni 11 Julai 1941. Wakasimama. Kyiv ilianguka 19 Septemba, na haikuangushwa kwa kuvuka Irpin. Wajerumani waliuzunguka mji kutoka mbali, kaskazini na kusini, wakakutana mashariki yake. Ngome zile za zege bado zipo msituni, watu huenda kuzitazama.

Mwaka 1943 Wasovieti wakirudi, walivuka Dnipro na kushika eneo la Lyutizh, hapo hapo jirani na Demydiv. Kwanza jaribio kubwa lilikuwa kusini, Bukryn, likashindikana kwa damu nyingi. Ndipo jeshi la vifaru la jenerali Rybalko likahamishwa kimyakimya, usiku, hadi Lyutizh, na Kyiv ikakombolewa 6 Novemba. Mwenye umri wa kukumbuka pale Demydiv ameona majeshi yakipita kijiji kile kuelekea pande zote mbili.

Halafu kuna jambo ambalo Fundi #6 amelipita mbio. Ziwa la Kyiv lilipojazwa miaka ya 1960, vijiji vingi vilihamishwa, makaburi yakaachwa chini. Ilikuwa amani, hakuna adui, ilikuwa umeme. Kwa hiyo maji yaliyoingia bustani za Demydiv 2022 yalikuwa yamelala juu ya vijiji vingine. Mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi.

#16 Chapati Moto
Nilisema mimi. Hatulali.

#17 Mwana Kyaka
Wazee, hii ya kuvunja daraja inanikumbusha kwetu. Novemba 1978 majeshi ya Amin yalipoteka Kagera yalilipua daraja la Kyaka ili jeshi letu lisivuke. Baba alikuwa kijana, walibaki ng'ambo kama hawa wa Demydiv. Jeshi letu lilipofika likaunda daraja jipya la chuma na kuvuka. Kwa hiyo nakubaliana na Kamanda, mto ni wa kuchelewesha tu.

#18 Ticha Mstaafu
Mwana Kyaka, mfano mzuri lakini una tofauti mbili. Kyaka aliyevunja ni mvamizi, tena baada ya ndege zake kulikosa ikabidi atafute fundi wa baruti kutoka migodi ya Kilembe. Demydiv aliyevunja ni mwenye nchi. Pili, Kagera ule una kingo, unaweka daraja toka ukingo hadi ukingo. Irpin baada ya tuta kubomolewa haukuwa na ukingo. Unaweka daraja kutoka wapi hadi wapi?

#19 Mwana Kyaka
Nimekuelewa mwalimu.

#20 Wakili wa Kijijini
Wakuu, upande wa sheria ya vita. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, kifungu cha 56, inalinda mabwawa na matuta yasishambuliwe ikiwa maji yatakayotoka yataleta madhara makubwa kwa raia. Lakini kifungu cha 54, aya ya 5, kinaipa nchi inayojilinda nafasi ya kuharibu vitu vya lazima kwa maisha ya raia ndani ya ardhi yake yenyewe, kwa masharti mawili: eneo liwe chini ya udhibiti wake, na pawe na ulazima wa kijeshi usioepukika.

Sasa someni sharti la kwanza tena na mtazame alichoandika Mpenda Ramani #9. Tuta lilipobomolewa, udhibiti wa upande ule wa mto ulikuwa wa nani? Warusi walikuwa tayari wanapita. Mtu anaweza kujenga hoja pande zote mbili. Na maji yalikwenda taratibu, hivyo "madhara makubwa" nayo yanabishaniwa.

Mimi binafsi naona walikuwa na ulazima. Lakini kuwa na ulazima hakufuti deni.

#21 Mpenda Ramani
Deni linalipwaje sasa? Kuna mpango wa serikali ya Ukraine, eVidnovlennia, ulianza 2023, mwenye nyumba iliyoharibiwa na vita anaomba kupitia programu ya simu ya Diia.

#22 Wakili wa Kijijini
Upo. Na kuna Daftari la Madhara lililowekwa The Hague chini ya Baraza la Ulaya, Mei 2023, la kuandikisha hasara zilizotokana na uvamizi ili siku moja Urusi ilipe. Hoja ya mwanakijiji ni rahisi: pasingekuwa na uvamizi, tuta lingekuwepo. Naona ni hoja yenye nguvu. Lakini kombora lina alama yake ukutani. Maji na ukungu vinataka fundi wa kuthibitisha, na aliyetoboa tuta si Mrusi. Bibi wa #10 na simu ya Diia... mnaelewa.

#23 Nilisoma Kyiv
Bibi ana mjukuu wa kumfanyia hayo ya simu. Lakini wapo wasio na mjukuu.

#24 Dogo wa Makambako
Swali la mtoto: yale maji si yanatoka juu huko Chernobyl? Hayana sumu?

#25 Fundi Pampu
Siyo swali la mtoto. Ni kweli tope la chini la ziwa la Kyiv lina masalia ya mionzi ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl ya 1986, mto Pripyat unamwaga kule juu. Tope hilo limekaa chini ya maji na ndiyo sababu moja watu huogopa wazo la kulikausha ziwa. Kwa mwanakijiji wa Demydiv hatari ya haraka ilikuwa nyingine: vyoo vya shimo vilivyofurika ndani ya visima, mafuta ya magari, na mabomu ya ardhini. Bomu likilala shambani unaweza kuweka kibao. Likiwa ndani ya maji unaweka kibao wapi?

#26 Kamanda Mbuyuni
Hapo kwenye mabomu Fundi umegusa penyewe. Maji yakisukuma tope, kinachojulikana kiko wapi hakijulikani tena.

#27 Mama Ushirika
Samahani nachelewa kuingia. Nimeona watu wa mazingira wanasema Irpin uachwe hivyo hivyo, kinamasi kirudi, ndege warudi, na adui akija tena akute bonde limelowa. Wanauita mto shujaa. Nyie mnalionaje?

#28 Fundi Pampu
Kitaalamu nawaunga mkono kwa kiasi kikubwa. Ardhi ya kinamasi ikikaushwa inazama kila mwaka na kiangazi inashika moto chini kwa chini, moshi wiki nzima. Kukausha bonde lile kulikuwa gharama tangu mwanzo, na kabla ya vita sehemu zilianza kuuzwa kwa wajenzi wa nyumba za kifahari. Ukilirudisha kinamasi unapata ulinzi, maji safi na samaki.

Na Uholanzi tuna historia hiyo hiyo. Mwaka 1672 walizamisha mashamba kumzuia Mfaransa. Wakulima waligoma, wengine walijaribu kuzuia matuta yasikatwe. Ubelgiji mwishoni mwa Oktoba 1914 walifungua milango ya maji pale Nieuwpoort na bonde la Yser likawa ziwa, Wajerumani wakakwama hapo miaka minne. Kila mara anayezama ni mkulima.

#29 Nilisoma Kyiv
Fundi, uko sahihi kwa bonde. Lakini sema na mtu mwenye bustani pale mwisho wa mtaa, mwenye miti ya tufaha aliyoipanda mumewe. Mti wa tufaha ukisimama majini msimu mzima mizizi inaoza, huo haurudi. Mtu anakuja kutoka mjini na viatu vya mpira anamwambia eneo lako sasa ni la ndege. Wengi walitaka kitu kimoja: tuta lizibwe, pampu iwashwe. Hawakuomba kuwa mfano.

#30 Mto Nzoia
#29 asante. Kwetu pia walikuja na michoro ya kutuhamisha.

#31 Mama Ushirika
Nimeuliza kwa nia njema, nimejifunza.

#32 Kamanda Mbuyuni
Nimelala nikawaza nikarudi. Narekebisha #3 kidogo. Nilisema maji hayapigani. Nimefuatilia tena mapigano ya Moshchun. Maji yaliendelea kupanda mwezi Machi wote, na Warusi waliokuwa wameshavuka walikuwa wanapata risasi na chakula kupitia kwenye bonde hilo hilo linalojaa. Mwisho wa wiki ya tatu ya Machi wakaondoka Moshchun. 29 Machi wakatangaza wanapunguza mashambulizi upande wa Kyiv, mwanzoni mwa Aprili mkoa wote ukawa wazi. Kwa hiyo maji yaliwasaidia wale vijana. Lakini bado nasema, wangekuwa hawapo pale mtaroni, Warusi wangesubiri tu hadi wapate boti.

#33 Mpenda Ramani
Na upande wa pili wa Dnipro je? Chernihiv haikuanguka, na vifaru vilivyokuja kutoka mashariki vilipigwa barabarani karibu na Brovary. Irpin hauko upande ule. Wangefika kutoka mashariki, Demydiv ingekuwa imezama bure.

#34 Ticha Mstaafu
Ndivyo ilivyokuwa 1941. Mstari wa Irpin ulisimama imara, mji ukaanguka kutoka nyuma.

#35 Kamanda Mbuyuni
Mwalimu, hapo umenifunga mdomo hadi jioni.

#36 Bi Hanuni
Mie bado niko na yule bibi wa viazi. Mwanangu wa #10, una habari zake?

#37 Nilisoma Kyiv
Yupo Bi Hanuni. Nimempigia rafiki yangu jana kwa ajili ya uzi huu. Pohrib ilivutwa maji wakati wa kiangazi, wakaitia chokaa kuta zote mara mbili, lakini kila masika maji yanatokea tena chini, kiasi cha kifundo cha mguu, kwa hiyo viazi sasa anaviweka kwenye masanduku juu ya matofali. Bustani ya juu amelima. Ya chini, ile tuliyokuwa tunavuna sisi, imeota matete. Rafiki yangu anasema kila akienda bibi anamuuliza kama kuna mtu amesema pampu itawashwa lini kwa nguvu kama zamani, na yeye anamjibu wiki ijayo.